Mzazi Mgeni na Kisomo: Uhamiaji, Kiswahili na Elimu ya Watu Wazima katika Mkoa wa Singida

1. Utangulizi

Katika maandishi ya historia ya Kiswahili, Singida hutajwa kwa nadra, na inapotajwa aghalabu huwa njia tu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita kusini mwa eneo ambalo leo ni mkoa huu, ikivuka nyika ya Mgunda Mkali baina ya Ugogo na Unyamwezi. Mnamo Januari 1875 msafara wa Henry Morton Stanley, ulipokuwa ukielekea Ziwa Viktoria, ulipita katika nchi ya Wanyaturu na kupigana na wenyeji. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, iliacha stesheni Manyoni na Itigi kisha ikaendelea magharibi. Kwa mtazamo huo, Kiswahili katika Singida kilikuwa lugha ya wapitaji: wapagazi, wafanyabiashara, askari na makarani.

Mtazamo huo si wa uongo, lakini umemwacha nje mtu mmoja muhimu, naye ni yule aliyekuja akabaki, akazaa na kulea. Mhadhara huu unamhusu mtu huyo, anayeitwa hapa mzazi mgeni. Maana yake ni mtu mzima mwenye watoto, aliyejikuta mahali ambapo lugha ya ofisi, ya shule na ya mizani ya mazao si lugha aliyolelewa nayo. Swali linaloulizwa ni hili: elimu ya watu wazima, ambayo katika Tanzania ya miaka ya 1970 ilikuwa kampeni ya taifa zima, ilimjengea mzazi huyo maisha mapya kwa namna gani, na kwa kiasi gani?

Hoja ya msingi ni kwamba elimu hiyo ilimfaa kwa kadiri ilivyomrudishia kauli, yaani uwezo wa kusema na kusikilizwa mbele ya watoto wake na mbele ya ofisi. Cheti peke yake hakikutosha. Na pale maandishi ya kusoma yalipokoma kumfikia, kauli hiyo nayo ilianza kumponyoka.

2. Uhamiaji kabla ya herufi

Singida ilifanywa mkoa mwaka 1963. Kwa mwanaisimu, eneo hili na majirani zake ni miongoni mwa sehemu za Afrika zenye mkusanyiko wa ajabu wa lugha. Kuna lugha za Kibantu: Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi, Kinyiramba na Kiisanzu, pamoja na Kikimbu na Kigogo upande wa Manyoni. Kuna Kidatooga, lugha ya Kiniloti. Jirani kabisa, upande wa kaskazini-mashariki, kuna Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi. Upande wa mashariki kuna Kisandawe, na kaskazini, kuelekea Ziwa Eyasi, kuna Kihadza. Lugha hizi mbili zina sauti za vidoko.

Roland Kießling, Maarten Mous na Derek Nurse, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008, walilichukulia Bonde la Ufa la Tanzania kuwa eneo moja la mgusano wa lugha. Walionyesha kwamba sifa za kisarufi na za kifonolojia zimevuka mipaka ya familia za lugha, zikitoka kwa jirani kwenda kwa jirani. Sifa za namna hiyo hazivuki zenyewe. Huvushwa na watu wanaooana, wanaochunga pamoja, wanaokimbia njaa na kupokewa, na wanaolea watoto katika nyumba zenye lugha mbili au tatu. Kwa maneno mengine, isimu inathibitisha kwamba uhamiaji katika sehemu hii si jambo geni wala la karne ya 20 pekee. Ni desturi ya kale.

Ni vema pia ikumbukwe kwamba katika jamii ambazo mke huhamia kwa mume, kama ilivyo kwa Wanyaturu, mama ndiye mhamiaji wa kwanza wa kila kizazi. Huingia katika boma la wengine, na pengine katika lahaja au lugha ya wengine, kisha hutarajiwa kuwafundisha watoto kusema.

Uhamiaji huo wa kale ulikuwa na kanuni yake, ambayo methali ya Kiswahili imeieleza kwa ufupi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe ndilo lililomfanya mgeni kuwa mwenyeji. Alilima na wenzake, akajifunza lugha yao shambani na kisimani, na watoto wake wakajifunza pamoja naye. Huenda mtoto alikuwa mwepesi zaidi wa ulimi, lakini alichokijua mtoto hakikuwa siri kwa mzazi. Lugha mpya ilikuwa ya mdomo, na mdomo kila mtu anao.

Karne ya 20 iliibadili kanuni hiyo. Lugha mpya ilikuja na herufi, nazo zilitolewa shuleni, kwa mtoto kwanza. Hapo ndipo mzazi alipopata ugeni wa aina nyingine.

3. Wageni wa Singida

Njia zilizowaleta au kuwageuza watu kuwa wageni katika Singida zilikuwa kadhaa, na kila moja ilikuwa na Kiswahili chake.

Njia ya kwanza ni ya kazi ya mshahara. Mgodi wa dhahabu wa Sekenke, katika Iramba, ulichimbwa tangu wakati wa utawala wa Wajerumani. Dhahabu yake ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kufua sarafu za rupia 15 mjini Tabora, zile zenye picha ya tembo. Migodi huwakusanya watu wa makabila mengi, na watu wa namna hiyo huhitaji lugha ya kupokea amri na ya kuhesabiana ujira. Upande mwingine, vijana wa Singida walitoka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi na ya mkonge. Waliorudi walirudi na Kiswahili cha kambi, kinachotosha kwa kazi na safari lakini kisichomwezesha mtu kusoma barua ya mkuu wa wilaya.

Njia ya pili ni ya vijiji. Mnamo Novemba 1973 Serikali ilitamka kwamba kuishi vijijini ni amri, na kati ya 1974 na 1976 sehemu kubwa ya wakazi wa mashambani nchini walihamishwa. Katika Singida uhamisho huo uligusa kiini cha maisha. Wanyaturu walikuwa wakiishi katika maboma yaliyotawanyika, kila nyumba ya tembe karibu na shamba lililorutubishwa kwa samadi ya ng’ombe wake. Harold Schneider, mwanaanthropolojia aliyechapisha kitabu kuhusu uchumi wao mwaka 1970, alionyesha jinsi ng’ombe, samadi na nafaka vilivyofungamana. Kumhamisha mtu wa namna hiyo kilomita chache tu ni kumtenga na udongo alioutengeneza kwa miaka mingi. Hakuvuka mpaka wowote wala hakubadili wilaya, lakini aliamka akiwa mgeni: ana majirani wapya, shamba jipya, na mkutano wa kijiji unaoendeshwa kwa Kiswahili na kuandikiwa kumbukumbu.

Njia ya tatu ni ya malisho. Tangu miaka ya 1970 familia za Wasukuma na mifugo yao ziliingia katika Iramba na Manyoni zikitafuta nyasi na mashamba. Mzazi wa Kisukuma alikuja na lugha yenye wasemaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya kijamii nchini, lakini katika makazi mapya wingi huo haukumsaidia mbele ya ofisi.

Njia ya nne ni ya wachache, nayo ndiyo yenye funzo kali zaidi. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali ilijaribu kuwakalisha Wahadzabe mahali pamoja, Yaeda Chini upande wa Mbulu na Munguli upande wa Iramba, eneo ambalo leo liko katika Wilaya ya Mkalama. Shule na huduma zilipelekwa. Wengi hawakukaa, walirudi porini. Watoto waliobaki shuleni walijifunza Kiswahili mbali na wazazi wao. Hapa mzazi alifanywa mgeni katika nchi ambayo wazee wake waliijua kuliko mtu mwingine yeyote.

4. Kampeni ya kisomo

Fikra iliyoiongoza kampeni ya kisomo ilitangulia Azimio la Arusha. Mwaka 1964, alipouwasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba ni lazima kuanza na watu wazima, kwa sababu elimu ya watoto haitaleta athari katika uchumi kwa miaka mitano, kumi au hata ishirini. Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi. Hata hivyo, ilikuwa na matokeo ya kijamii ambayo hayajajadiliwa vya kutosha: ilimweka mzazi kwenye dawati kabla ya kusubiri mtoto amfundishe.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 iliamuliwa kwamba ujinga wa kusoma na kuandika ufutwe nchini kote hadi mwisho wa 1975. Wakati huohuo mradi uliosaidiwa na UNESCO, wenye makao yake Mwanza, ulikuwa ukiandaa vitabu vya kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa kuanzia 1968 hadi 1972. Vitabu hivyo vilifundisha herufi kwa kupitia pamba, ndizi, uvuvi, ufugaji na mambo ya nyumbani. Sehemu ya wafugaji walioingia Singida baadaye walitoka katika mikoa hiyohiyo, kwa hiyo haiwezekani kudhani kwamba kila mhamiaji alikuja mikono mitupu.

Katika mtihani wa kwanza wa taifa, mwaka 1975, watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wameandikishwa madarasani, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Takwimu rasmi zilionyesha kwamba kiwango cha wasiojua kusoma na kuandika kilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975, asilimia 27 mwaka 1977, na asilimia 9.6 mwaka 1986. Kampeni za redio zilikwenda sambamba na madarasa. Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, vikiwa na vitabu vidogo na kiongozi wa majadiliano, wakajifunza juu ya malaria, kichocho na magonjwa ya kuhara, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia 1975 kwa msaada wa Sweden, vilifika pia mkoani: kimoja Singida, kingine Msingi.

Walimu wengi wa kisomo hawakuwa walimu kwa taaluma. Walikuwa watu wa kujitolea, wakiwamo waliomaliza darasa la saba na hata wanafunzi. Jambo hili lilikuwa na uzito wake. Kijana aliyemfundisha mtu wa umri wa baba yake kuandika jina lake alikuwa amepewa, kwa saa moja, nafasi ambayo mila haikumpa. Mkubwa aliyekubali kuketi mbele ya kijana huyo naye alikuwa akilipa bei ambayo takwimu haziihesabu. Neno ngumbaro, lililotumika kwa kisomo hicho na kwa wanafunzi wake, lilipata ladha ya utani, na utani huo ni kumbukumbu ya aibu iliyobidi kuvukwa.

5. Kazi mbili kwa wakati mmoja

Mwanafunzi wa Singida alikuwa na mzigo ambao mwenzake wa Mafia au Kisarawe hakuwa nao. Msemaji wa Kiswahili tangu utotoni alijifunza kitu kimoja, yaani alama za sauti alizokwisha kuzijua. Mnyaturu au Mnyiramba alijifunza vitu viwili, alama na lugha.

Kinyaturu na Kinyiramba vina irabu saba. Kiswahili kina tano. Kinyaturu ni lugha ya toni; Kiswahili sivyo. Mtu mzima aliyeitikia ba, be, bi, bo, bu darasani alikuwa akifundishwa pia, bila kuambiwa, kwamba tofauti mbili za irabu alizozisikia tangu utotoni hazihesabiki. Alipoandika jina la mtoto wake au la kisima chake kwa herufi hizo, sehemu ya jina ilibaki nje ya karatasi. Hata jina la kabila lilikuwa na sura mbili: wenyewe hutamka kwa l, Anilamba, na Kiswahili huandika kwa r, Wanyiramba. Kwa Mhadzabe hali ilikuwa ngumu zaidi, kwani mazoea ya herufi za Kiswahili hayana nafasi ya vidoko.

Hata hivyo, haifai kuhitimisha kwamba kisomo kwa Kiswahili kilikuwa kosa. Katika mkoa ambamo kijiji kimoja kingeweza kuwa na Wanyaturu, Wasukuma na Wadatooga, kisomo kwa lugha ya wengi kingewafanya wachache kuwa wageni mara mbili. Kiswahili kilikuwa na sifa ambayo lugha nyingine hazikuwa nayo: kwa watu wazima wengi wa kijiji kilikuwa lugha ya kujifunza, na hakuna aliyeketi darasani akiwa mwenyeji kamili. Usawa huo wa ugeni ulisaidia. Kilichokosekana ni kuitambua lugha ya nyumbani kuwa daraja. Mwalimu wa kujitolea aliyeeleza maana kwa Kinyaturu kisha akarudi kwenye kitabu alifanya kazi sahihi, lakini aliifanya kwa busara yake mwenyewe. Kitabu hakikumpa nafasi hiyo.

6. Maana ya kauli

Thamani ya kisomo kwa mzazi mgeni huonekana vizuri zaidi nje ya darasa. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilimpa kila mkazi mtu mzima nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, na ikaweka halmashauri ya wajumbe wasiozidi 25. Huko kulikuwa na orodha, mihutasari, risiti na hesabu. Asiyejua kusoma aliweza kunyoosha mkono, lakini hakuweza kuhakiki kilichoandikwa baada ya kuunyoosha. Aliyetia dole gumba aliamini. Aliyetia sahihi angalau aliweza kusoma kwanza. Vivyo hivyo kwenye mizani ya mazao: kuisoma namba mwenyewe ni tofauti na kuambiwa.

Nyumbani, tofauti ilikuwa nyeti zaidi. Katika familia ya wahamiaji mtoto anayesoma shule huwa mkalimani. Yeye husoma barua, hueleza maneno ya mganga wa zahanati, na humtafsiria baba maneno ya mwalimu, hata pale mwalimu anapoeleza utoro wa mtoto huyohuyo. Mkalimani ana mamlaka, na mamlaka hayo yakikaa kwa mtoto wa miaka kumi, malezi hupinduka. Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliotekelezwa kufikia 1977, uliwaingiza watoto wengi shuleni kwa haraka. Pasipo kisomo cha wazazi, mpango huo ungelizidisha pengo hilo katika kila nyumba. Kwa kuwa wazazi nao waliandikishwa, baba aliweza kulichukua daftari la mwanawe na kulisoma, hata kama kwa kukokota maneno. Mama aliyeingia bomani akiwa mgeni aliweza kuandika barua kwa ndugu zake bila kumpitishia mtu siri zake. Mambo hayo hayakuwamo katika malengo ya uchumi, lakini ndiyo maisha mapya yenyewe.

7. Kupungua kwa maandishi

Mafanikio hayo hayakudumu kwa kiwango kilichotangazwa. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi waliojua kusoma na kuandika nchini walikuwa karibu asilimia 78. Sensa ya 2022 ilionyesha asilimia 83. Ukilinganisha na asilimia zaidi ya 90 iliyotangazwa mwaka 1986, pana mshuko mkubwa.

Ulinganisho huo unahitaji hadhari. Takwimu za 1986 zilitokana na mitihani ya kampeni, ilhali sensa hutegemea jibu la mwanakaya. Aidha, sehemu ya mshuko haikutokana na watu wazima kusahau, bali na watoto waliokosa shule katika miaka ya 1980 na 1990, uchumi ulipoporomoka na michango ya shule ikarudi. Lakini sababu ya tatu haiwezi kupuuzwa: vitabu na magazeti ya vijijini yalipungua, walimu wa kujitolea waliacha, na aliyefuzu kisomo hakuwa na cha kusoma. Herufi zinafanana na shamba la tembe. Zisipopata samadi huchoka.

Kwa mzazi mgeni hasara ilikuwa kubwa kuliko kwa mwingine. Mwenye Kiswahili cha nyumbani anapoacha kusoma hubaki na lugha. Aliyejifunza lugha kwa kupitia herufi, zinapomtoka herufi, hubakiwa na Kiswahili cha gulio tu, na mtoto hurudia kuwa mkalimani.

8. Hitimisho

Singida ya leo ina watu zaidi ya milioni 2 kwa mujibu wa sensa ya 2022, na wageni hawajaacha kuingia. Milango ya elimu imeongezeka. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inaendelea na kazi yake, na tangu Novemba 2021 wasichana waliokatiza masomo kwa kujifungua wameruhusiwa kurudi shuleni, jambo linalomrudisha mzazi, safari hii mzazi kijana, katikati ya mjadala wa elimu.

Historia iliyoelezwa hapa inatoa mafunzo mawili kwa wanafunzi wa Kiswahili na kwa wapangaji. La kwanza ni kwamba idadi ya waliofuzu si kipimo kamili. Kinachofaa kuulizwa ni kama mzazi anaweza kusoma kile anachotakiwa kukitia sahihi, na kama kuna cha kusoma mwaka mmoja baada ya cheti. La pili ni kwamba lugha ya nyumbani haishindani na Kiswahili katika darasa la watu wazima. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina, na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulianza kuzikusanyia misamiati na sarufi katika miaka ya 2000. Kazi hizo zimekaa zaidi mikononi mwa wataalamu. Mwalimu wa kisomo wa Ikungi au Mkalama anahitaji nakala yake, ili anapomfundisha mtu mzima irabu tano aweze kumwambia pia zile mbili nyingine zimekwenda wapi.